Muziki wa Bila Umeme: Pemba na Somo la New York

Tarehe 18 Novemba 1993, katika studio za Sony jijini New York, kundi la Nirvana liliketi katikati ya maua ya yungiyungi na mishumaa myeusi, likapiga nyimbo 14 mfululizo bila kurudia hata mmoja. Kundi hilo lilitoka jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, na jina lake lilikuwa limejengwa juu ya ile roki ya makelele iitwayo granji: magitaa yanayokoroma, ngoma zinazopigwa bila huruma, mwimbaji anayepasua koo. Kipindi cha MTV kilichowaalika kilikuwa kikirushwa tangu 1989, na sharti lake lilikuwa moja, kwamba wapigaji waweke kando vyombo vyao vya umeme. Dave Grohl, mpiga ngoma, alipewa brashi na vijiti vyepesi ili asiwafunike wenzake. Lori Goldston aliketi na selo yake. Nyimbo 6 kati ya zile 14 hazikuwa zao: 3 za Meat Puppets, 1 ya David Bowie, 1 ya The Vaselines, na ya mwisho ilikuwa wimbo wa kale waliouchukua kwa Lead Belly. Wimbo wao uliowapa utajiri, ambao kila mtu aliutarajia, hawakuupiga. Kufika Aprili 1994 Kurt Cobain, mwimbaji wa kundi, alikuwa ameshakufa, na sahani ya onyesho hilo ilipotoka Novemba mwaka huo watu waliisikiliza kama wosia. Tangu hapo, mtu akitaka kueleza kwamba muziki ukivuliwa mitambo hubaki na ukweli wake, mfano wa kwanza anaoutoa ni huo.

Mfano huo una walakini. Gitaa alilolishika Cobain usiku ule, Martin D-18E la mwaka 1959, lilitengenezwa kiwandani likiwa na vinasa sauti vya umeme, na waya wake ulikwenda kwenye amplifaya iliyofichwa nyuma ya kisanduku cha bandia, kilichopambwa kionekane kuwa spika ya jukwaani. Sisemi haya ili kumtia mtu hatiani; marehemu alikuwa na sababu zake za kutaka gitaa lisikike alivyolizoea. Nayasema kwa kuwa yanaonyesha kwamba kilichowagusa watazamaji hakikuwa ukosefu wa umeme. Umeme ulikuwapo. Waliguswa na watu waliokaa karibu, waliopunguza sauti, waliochagua nyimbo zisizotarajiwa na kuziimba mbele ya umati mdogo uliokuwa karibu kiasi cha kuona uso wa mwimbaji ukikunjamana. Amplifaya ikifichwa vizuri, hakuna anayeidai.

Mwaka uleule wa 1993 kisiwa cha Pemba, huko Zanzibar, kilipata umeme wake kutoka kwenye majenereta ya dizeli ya Wesha, jirani na Chake Chake, na vijiji vingi havikuwa na hata taa moja ya umeme. Unguja ilikuwa imeunganishwa na gridi ya bara tangu 1980; Pemba ilisubiri miaka 30 zaidi, hadi Juni 2010, ulipozinduliwa waya wa baharini wa kilomita 78 kutoka mkoa wa Tanga, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na Norway. Kwa hiyo muziki wa bila umeme, uliokuwa mtindo wa msimu mmoja huko New York, kwa Wapemba ulikuwa ndio muziki wenyewe, kizazi baada ya kizazi, bila mtu kuona haja ya kuutafutia jina. Ndiyo maana Pemba ni mahali pazuri pa kuipima ile imani iliyoachwa na Cobain na wenzake. Imani hiyo inasema kwamba muziki usio na umeme kwa tabia yake ni mpole, ni wa huzuni, ni mkweli zaidi, na ni wa zamani zaidi. Nikiitazama historia ya ngoma na nyimbo za Pemba, pamoja na taarab ya Zanzibar iliyoizunguka, naona sifa hizo nne zote zinaanguka. Muziki wa bila umeme hauna tabia moja. Tabia yake hutokana na umbali kati ya anayeimba na anayesikiliza, na kazi ambayo muziki huo umeitiwa.

Tuanze na upole. Katika mchezo wa ng'ombe, ambao Pemba inajulikana nao kuliko sehemu yoyote ya mwambao na ambao mara nyingi hunasibishwa na Wareno wa karne ya 16 na 17, fahali hufungwa kamba ndefu na kuingizwa uwanjani, vijana wakamchokoza kwa kitambaa na kumkimbia, umati ukipanda mitini na kuzunguka pembeni. Ng'ombe hauawi. Unachohitaji mchezo huo ni hamasa isiyokatika, na hamasa hiyo huletwa na ngoma, nyimbo za wanawake, na zumari. Hapa inafaa kumtazama mpiga zumari kwa karibu. Chombo chenyewe ni kifupi, kina matundu machache na ulimi wa jani kavu, na mdomo wake wa mbele umepanuka. Mpigaji huujaza hewa ubavu wa mashavu yake, akavuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma hewa mdomoni, na kwa hivyo sauti haikatiki hata dakika zikapita nyingi. Sauti hiyo ni kali na nyembamba. Hupenya juu ya ngoma, juu ya kelele za watu na juu ya mkoromo wa fahali, ikasikika hadi ng'ambo ya bonde. Hiyo ni ala iliyobuniwa ishinde kelele za uwanja, na hapana upole wowote ndani yake. Watayarishaji wa New York walipompa Grohl brashi walikuwa wakitafuta kinyume chake kabisa.

Ngoma nazo zilikuwa na ufundi wake wa kupandisha sauti. Kabla ya mchezo kuanza huwashwa moto wa makuti, ngozi za ngoma zikaelekezwa kwenye ndimi za moto mpaka zikazwe na joto na kutoa mlio unaotakiwa. Zikilegea kwa umande wa usiku, hurudishwa motoni. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye sikio, kwa kuwa ngozi ikizidishiwa moto hupasuka, na ikipunguziwa, ngoma huwa bubu. Katika msewe, ngoma ambayo asili yake ni Pemba, wachezaji wanaume hufunga miguuni vyombo vinavyolia, na kila hatua huwa pigo linaloongezwa juu ya mapigo ya wapigaji. Huo wote ni utaalamu wa sauti kubwa uliokamilika bila waya. Anayedhani kwamba kabla ya spika vijiji vililala kimya hajafikiria ngoma ya pepo inayopigwa usiku baada ya usiku, ambayo mlengwa wake mkuu hayumo hata miongoni mwa wanaoonekana. Kila pepo ana ngoma yake, na akikosewa hapandi. Hapo suala la muziki kuwa wa kweli au wa kuigiza lina maana tofauti na ile ya wahakiki wa magazeti ya roki.

Ukaribu ulikuwapo pia, ila ulikuwa na mahali pake. Mfano mzuri ni kibati cha Pemba, ambamo waimbaji hujibizana kwa maneno ya haraka yanayotungwa papo hapo juu ya mapigo ya ngoma, kisha wote wakaungana katika kiitikio na kucheza. Raha ya kibati ipo kwenye maneno. Asiyesikia tusi lililofunikwa, au jibu lililotoka kabla ya mwenzake kumaliza kauli, hajahudhuria kitu. Hivyo wasikilizaji husogea, hucheka, hushangilia, na wao wenyewe huwa sehemu ya kinachotungwa, kwa kuwa mwimbaji husoma nyuso zao kabla ya kurusha neno linalofuata. Pemba ina asili ndefu ya ushindani wa namna hiyo katika ushairi. Ali bin Said bin Rashid Jahadhmy, maarufu kwa jina la Kamange, na Sarahani bin Matwar walitunga na kujibizana katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na tungo zao ziliishi kwa miongo mingi katika vifua vya watu na katika karatasi za mkono, mpaka Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy walipozikusanya katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba, kilichotolewa Dar es Salaam mwaka 2011. Ushairi unaotunzwa kifuani hutungwa kwa ajili ya sikio lililo karibu. Kwa hiyo kisiwa kimoja, bila umeme, kilikuwa na zumari la kufika ng'ambo ya bonde na kibati cha kufika kwa jirani aliyekaa pembeni yako. Umeme haukuhusika na tofauti hiyo. Iliamuliwa na kazi: fahali anahitaji uwanja, na kejeli inahitaji duara.

Watetezi wa muziki asilia watasema kwamba hoja hii inakwepa jambo kubwa, nalo ni taarab. Watasema taarab ilikuwa safi, ya udi na ganuni na fidla, mpaka vinanda vya umeme vilipoingia na kuiharibu. Malalamiko hayo yamesikika Unguja na Pemba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, lilipochomoza kundi la East African Melody na mtindo wa rusha roho, na bara makundi kama Tanzania One Theatre yalipogeuza mipasho kuwa biashara kubwa. Nayaelewa malalamiko. Kinanda kimoja kikikaa mahali pa fidla sita, kitu fulani kinapotea, na asiyekisikia amejitia uziwi. Lakini historia inayosimuliwa humo haiko sawa. Taarab haikuwahi kuwa mbali na mitambo. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake, akina Maalim Shaaban, Mbaruk Effandi, Subeti bin Ambari na Budda bin Mwendo, walipanda meli hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na sahani hizo zikaenea mwambao mzima kwa maelfu mengi. Miaka 3 kabla ya safari hiyo makampuni makubwa ya sahani yalikuwa yameanza kurekodi kwa maikrofoni ya umeme. Mkulima wa karafuu wa Pemba aliyenunua santuri ya kuzungusha kwa mkono alimsikia Siti kupitia mashine, nyumbani kwake, bila kumwona. Halafu ikaja Sauti ya Unguja mwaka 1951, na nyimbo za Nadi Ikhwan Safaa, klabu iliyoanzishwa 1905, zikawa zinaingia katika nyumba ambazo klabu yenyewe haikuwahi kufika. Klabu za namna hiyo katikati ya karne ya 20 zilipokea akodioni, besi kubwa ya kusimama, kisha gitaa la umeme na kinanda, tena kwa shangwe, kwa sababu Cairo na Bombay zilifanya hivyo na hakuna aliyetaka kuachwa nyuma.

Hii taarab ya zamani isiyo na umeme, tunayoambiwa tuirudie, ilichaguliwa na kupangwa baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya GlobeStyle ya London ilikuja kurekodi Zanzibar na kutoa mfululizo wa sahani za taarab. Mwaka 1996 kampuni ya Network ya Frankfurt ikatoa sahani ya kundi la taarab la Culture Musical Club. Mwaka 2005 Buda Musique ya Paris ikaanza mfululizo wa Zanzibara kwa sahani ya kuadhimisha miaka 100 ya taarab ya Zanzibar. Kazi hizo ni za thamani, na bila hizo tungekuwa maskini. Lakini zilitengenezwa kwa masikio yaliyokuwa yameshachoka na vinanda vya umeme vya kwao, masikio ya miaka ileile iliyoleta kipindi cha MTV. Msikilizaji wa Ulaya alitaka ganuni, udi na nai. Mpiga muziki wa Zanzibar alijua kuvipiga, na safari za nje zilikuwa na malipo. Kwa hiyo taarab ikagawanyika: ya vyombo vya mbao ikaenda kwenye matamasha, na ya vinanda ikabaki kwenye shughuli. Mgawanyo huo watu wengi huuona kuwa ni wa ukale dhidi ya usasa. Kwa macho yangu, zote mbili ni za kisasa kwa kiwango kimoja, kila moja ikiwa na soko lake.

Ukitaka kupata ndugu wa kweli wa onyesho la Nirvana katika visiwa hivi, usimtafute kwenye jukwaa la tamasha. Mtafute kwenye kidumbak, ambacho kimeshika zaidi Unguja. Kidumbak huchukua nyimbo za taarab zinazovuma, zilizokwisha kupigwa na klabu kubwa yenye fidla nyingi, na kuzipiga upya kwa vyombo vichache: vidumbak viwili vya udongo vilivyowambwa ngozi, fidla moja, cherewa (manyanga), mkwasa (vijiti vya kugonganishwa), na sanduku. Sanduku ni besi iliyotokana na kasha la mbao, fimbo na uzi. Mpigaji huuvuta uzi kwa fimbo, akikaza sauti inapanda, akilegeza inashuka, na kwa uzi huo mmoja hutoa besi ya wimbo mzima. Mahali pa kidumbak ni harusini, kwa wenye nyumba wasioweza au wasiotaka kulipa klabu nzima. Wapigaji mara nyingi ni walewale: Makame Faki, aliyejulikana kwa sauti yake na fidla katika Culture Musical Club, ndiye aliyeongoza Kidumbak Kalcha, kundi lililotoa sahani yake Ujerumani mwaka 1997. Hapa basi tunayo yote yaliyofanyika New York, miongo mingi kabla yake: nyimbo zinazojulikana, nyingine za kuazima, wapigaji wa kundi kubwa waliojipunguza, vyombo vyepesi, wasikilizaji walio karibu. Ila matokeo yake ni kinyume. Wimbo ambao klabu iliupiga polepole, wasikilizaji wamekaa vitini kwa adabu, kidumbak huuongeza mwendo, huutia maneno ya papo kwa papo, na wanawake huinuka kukata viuno. Wimbo wa machozi hugeuka wa vicheko. Kama kuvua vyombo kungekuwa na tabia yake yenyewe, kidumbak kingekuwa cha huzuni. Si cha huzuni, kwa sababu kimeitwa harusini.

Na onyesho la Cobain lilikuwa la huzuni kwa sababu ndivyo alivyolipanga. Mishumaa na yungiyungi aliviomba mwenyewe, na mtayarishaji wa kipindi, Alex Coletti, alipomuuliza kama alitaka pafanane na mazishi, jibu lilikuwa ndiyo. Wapo watakaosema kwamba nguvu ya onyesho lile haielezeki kwa mipango ya ukumbi, kwamba ilikuwa roho ya mtu anayekaribia mwisho wake, na kuizungumzia kama suala la umbali na samani ni kukosa heshima. Nakubali kwamba kifo kiliongeza uzito. Lakini kifo kilikuja baada. Walioketi studioni usiku ule hawakujua, na bado walinyamaza. Wimbo wa mwisho ulipokwisha, kundi liliombwa kuendelea na Cobain akakataa kwa kuona hapana la kuongeza juu ya pale. Kuna mfano mwingine wa kuweka pembeni ya huo. Aprili 1996 Alice in Chains, kundi la Seattle katika jimbo lilelile la Washington, walifanya onyesho kama hilo Brooklyn baada ya kukaa zaidi ya miaka 2 bila kupanda jukwaani, mwimbaji wao Layne Staley akiwa amedhoofishwa na dawa za kulevya. Yeye aliishi miaka 6 zaidi, na onyesho lake bado husikilizwa kwa staha ileile. Mtindo wa kukaa, kupunguza taa na kuimba karibu ndio ulioyabeba maonyesho yote mawili.

Kuna pingamizi nyingine nzito zaidi, nayo ni kwamba kuwalinganisha mamilionea wa Marekani na wanakijiji wa Micheweni, Pemba, ni kuupamba umaskini. Mmoja aliuzima umeme kwa kupenda, mwingine hakuwa na wa kuuzima. Pingamizi hii naikubali zaidi ya nusu. Gitaa lile la Martin liliuzwa mnadani Juni 2020 kwa dola milioni 6. Mpiga zumari anayestaafu huacha zumari. Tena tunao ushahidi wa karibu wa jinsi ukosefu wa umeme unavyokuwa pale usipochaguliwa. Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mmoja kuanzia Mei 2008, kisha miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, waya wa bara ulipoharibika. Wakati huo Pemba, ambayo ilikuwa bado na majenereta yake, haikuguswa na giza hilo. Hakuna aliyeyaita majira hayo kipindi cha usafi wa muziki. Yalikuwa majira ya samaki kuoza, ajira kusimama na maji kukosekana bombani. Kwa hiyo mimi sisemi kwamba Pemba ilikuwa na bahati kukosa waya hadi 2010. Nasema tu kwamba watu waliokosa waya hawakukosa uchaguzi. Waliamua lini wapige zumari na lini waimbe polepole, lini duara libane na lini lipanuke, na maamuzi hayo ni sanaa kamili kama ya mtu aliyekuwa na amplifaya nyuma ya kisanduku. Kinachoupamba umaskini ni kudhani kwamba yeye alichagua na wao walijikuta tu.

Tena ulinganisho wenyewe hauko mbali kama unavyoonekana. Wimbo wa mwisho wa usiku ule ulitoka kwa Huddie Ledbetter, Lead Belly, Mwafrika wa Marekani aliyezaliwa Louisiana miaka ya 1880 na kukulia kwenye mashamba, ambako nako muziki wa dansi na wa kazi ulipigwa bila waya. Tunamjua kwa sababu wakusanyaji wa nyimbo za jadi, John Lomax na mwanawe Alan, walimkuta katika gereza la Angola, Louisiana, mwaka 1933 na kumrekodi kwa mashine nzito waliyoibeba ndani ya gari. Miaka 5 baada ya Siti kwenda Bombay kuifuata mashine, mashine ilimfuata Ledbetter gerezani. Katika sehemu zote mbili, sauti ambayo leo inaitwa ya asili kabisa ilitufikia kupitia sindano na sahani.

Hoja ya wanaolalamikia rusha roho nayo inapata jibu lake hapa. Tazama utunzaji. Katika taarab, wimbo ukifika kwenye ubeti unaomgusa msikilizaji, au unaomgusa mtu ambaye msikilizaji anataka ajue kwamba umemgusa, msikilizaji huyo huinuka, akatembea hadi mbele akicheza, akampa mwimbaji noti mkononi au kuibandika mwilini. Ni hatua chache zinazosomwa na ukumbi mzima: nani ameinuka, kwenye ubeti upi, amemtazama nani njiani. Utunzaji ulikuwapo wakati wa fidla na ganuni, na vinanda vilipoingia haukufa; katika rusha roho ulizidi, kwa kuwa maneno yalizidi kuwa wazi. Umeme ulipandisha sauti lakini haukuongeza umbali kati ya mwimbaji na mtunzaji. Ndiyo maana wanawake wengi wa Wete na Mkoani, kisiwani Pemba, wanaoichangamkia rusha roho harusini hawaoni kwamba wameuacha utamaduni wao. Wana sababu. Kile walichokijia shughulini bado kipo.

Kilichoibadilisha ngoma ya Pemba kwa kina zaidi kuliko waya wowote ni jukwaa. Katika sherehe za kiserikali kama zile za uwanja wa Gombani, na katika matamasha ya utalii, kikundi cha msewe au kibati hupangwa kwa safu, hugeuzwa kuelekea wageni rasmi, hupewa dakika chache na maikrofoni moja. Msewe huvumilia, kwa kuwa miguu huonekana kwa mbali. Zumari halihitaji maikrofoni hiyo, na likiwekewa hukwaruza masikio. Kibati ndicho kinachoumia: wenye kujibizana hawatazamani tena, wanautazama umati ulioketi mbali na usiojibu, na maneno ambayo yangetungwa kutokana na uso wa jirani yanakaririwa kutoka nyumbani, mara nyingi yakiwa ya kusifu mradi au kampeni fulani. Hapo umeme wa maikrofoni si adui, wala kuuzima hakutasaidia. Ukizima maikrofoni na kuwaacha walewale katika safu ileile, utakuwa na muziki wa bila umeme uliokosa kila kitu. Vijana wa Pemba wenye simu na vinasa sauti, na sasa wako wengi kwa kuwa umeme wa kuvichaji upo, wana nafasi ya kurekodi kibati kikiwa bado kinachezwa katika duara. Wakifanya hivyo, maikrofoni isimamishwe katikati, baina ya wanaojibizana na wanaocheka, ili vicheko navyo viingie.